Acheni Kusingizia Joto la Malindi, Injini Yenu Imeuawa na Seti ya Nairobi

Kila nikiposti video ya gari ya nitro ikikimbia hapa Malindi, lazima atokee mtu kwa komenti na ile hadithi yake: "Kaka, injini za nitro haziwezi Pwani. Joto linaziua." Chini yake wanajipanga. "Ukweli mtupu." "Yangu ilikufa Watamu." "Yangu ilikaa wiki mbili Kilifi ikaisha." Halafu mmoja wa Nairobi anamalizia na kikaragosi cha kucheka, ati hizo ni gari za bara, nyinyi endeleeni na ngalawa.

Sawa. Leo tubishane vizuri.

Joto la Malindi silo lililoua injini yako. Imeuawa na sindano ya kabureta iliyokazwa Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, ikaletwa huku chini kwa basi la usiku na kuwashwa asubuhi bila mtu kugusa skrubu hata moja. Na aliyekuuzia alijua, au kama hakujua basi hakuwa na haki ya kukuambia "iko fiti".

Kwa wageni wa haya mambo nieleze haraka. Gari ya nitro ni gari ya rimoti, lakini si ya betri. Ina injini ndogo ya stroki mbili, unaweza kuifumbata mkononi, na inakunywa mafuta yenye methanoli, nitromethane na oili, vyote vimeshachanganywa kwa chupa moja. Haina plagi ya cheche kama pikipiki. Plagi yake ina waya mwembamba unaouwasha kwa betri ukianza, halafu unabaki mwekundu wenyewe injini ikiendelea. Kabureta ina sindano ya mwendo mkubwa, sindano ya mwendo mdogo, na skrubu ya kuzuia injini isizime ukiachia triga. Ukikaza sindano unapunguza mafuta. Ukilegeza unaongeza. Kuseti kote ni huko, mengine ni mbwembwe za watu wa YouTube.

Sasa shika hili moja, maana ndilo linalowatoa watu machozi: injini hii haina oili yake pembeni. Boda ina oili yake chini ya injini, ukikosea kabureta itakohoa tu, itakula mafuta, mwenyewe utanung'unika lakini kesho utabeba abiria. Injini ya nitro inalainishwa na oili iliyo ndani ya mafuta yale yale inayoyachoma. Ukipunguza mafuta, umepunguza na oili, na wakati huo huo joto la ndani limepanda. Inapigwa mara mbili. Pistoni inapanda ndani ya mrija wa shaba uliopakwa kromu, na nyingi ya hizi injini hazina ringi. Kinachoshika kompresheni ni ule mbano wa pistoni na mrija ukifika juu. Mbano ukiisha, umeisha. Unanunua pistoni na mrija mpya, na bei yake ukitajiwa unakumbuka shida zako zote za mwaka huu.

Turudi kwenye hewa. Presha ya hewa hapa usawa wa bahari ni kama milibari 1,013. Ukifika Nairobi imeshuka mpaka 830 hivi. Yaani asilimia 18 ya presha imebaki njiani, kati ya Mariakani na Athi River, na wewe ulikuwa umelala kwenye basi. Hakuna anayeuona ule mlima kwa sababu hauna sura ya mlima. Voi bado uko kama mita 600, unashuka kukojoa unapanda tena, alfajiri uko mita 1,600 na umevaa jaketi ya kuazima. Mwili wako umehisi baridi tu. Lakini kabureta imehisi kitu kingine kabisa: kila ikivuta hewa, inavuta nyepesi.

Kabureta haina akili. Kule juu inavuta hewa nyepesi lakini bado inamwaga mafuta kana kwamba hewa ni nzito. Mafuta yanazidi, gari inakuwa zito, inatoa moshi kama jiko la kuni. Kwa hiyo mwenye gari wa Nairobi anakaza sindano mpaka mafuta yalingane na hewa yake. Hajakosea hata kidogo, hiyo ndiyo seti sahihi ya Nairobi. Kosa linaanza pale gari inaposhuka. Hewa imerudi kuwa nzito, sindano bado imekazwa ya Nairobi, na injini inapewa pumzi nyingi na mafuta haba.

Sasa nyinyi wa joto, njooni tupige hesabu. Asubuhi Malindi tuseme ni nyuzi 24. Alasiri ya kaskazi, jua limekasirika, tuseme 32. Hizo nyuzi 8 zinapunguza uzito wa hewa kwa chini ya asilimia 3. Tatu! Dhidi ya ile 18 ya mlima. Hata ukiipa Nairobi ubaridi wake na hewa yake kavu, na sisi ukatupa jua letu na unyevu wetu wote wa saa nane mchana, hewa ya Malindi bado inabeba oksijeni zaidi kuliko ya Nairobi, kwa zaidi ya asilimia 15. Sasa nani ameua injini hapo, nyuzi nane au mita elfu moja na mia saba?

Na kuna jambo ambalo huwa linawanyamazisha kabisa. Hewa ya moto ni nyepesi. Hewa yenye unyevu nayo ina oksijeni kidogo zaidi ya kavu. Kwa hiyo joto la Pwani, upande wa mchanganyiko, linaisukuma injini kwenye mafuta mengi, ule upande salama. Joto mnalolilaumu ndilo lilikuwa linajaribu kuwaokoa, ingawa kwa asilimia zake mbili tatu halikufua dafu.

Nakubali kitu kimoja. Hewa ya nyuzi 32 inapooza kichwa cha injini polepole kuliko ya nyuzi 20. Hilo ni kweli, sitabishana nalo. Kama bodi ya gari yako imefunika injini yote, toboa dirisha la mbele hewa ipite. Lakini injini iliyopewa mafuta ya kutosha inavumilia hiyo tofauti bila shida, ndiyo maana kuna watu wanakimbiza nitro Dubai. Mtu akikuambia Malindi ni moto kuliko Dubai mwezi wa saba, mpe maji anywe.

Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alikimbia maratoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna. Jamaa anafanyia mazoezi Kaptagat, zaidi ya mita 2,000 juu. Mbona ile mbio haikupelekwa Eldoret, nyumbani, mbele ya mashabiki wake? Kwa sababu waliopanga walitaka mji ulio chini, ambapo kila pumzi ina oksijeni zaidi. Mwili uliozoea hewa ya juu ukishushwa, unapata nguvu. Injini ni vivyo hivyo. Gari ya Nairobi ikishuka Kilifi inatakiwa iwe kali zaidi kuliko ilivyokuwa Karen, iwe balaa. Pumzi imeongezeka bure. Wewe kazi yako ni kuongeza chakula, basi, ulegeze sindano.

Na hapa ndipo mtego ulipo, kwa sababu injini iliyokosa mafuta haikuambii kwamba inakufa. Inakudanganya. Inapiga kelele tamu, inachomoka, moshi umepotea, unajiambia "aisee, kumbe ilikuwa hivi!" Hakuna wakati injini ya nitro inasikika vizuri kama dakika chache kabla haijaharibika. Ukishaachia triga, haishuki sauti haraka, inabaki inalia juu juu. Halafu inazima ghafla mwisho wa mbio ndefu. Unaisubiri ipoe, unaiwasha, inawaka. Unarudia. Siku ya tatu unavuta kamba ya kuwashia unaona imekuwa laini, kama unavuta uzi wa suruali. Hapo mbano umeenda. Hapo ndipo unafungua simu kuandika "joto la Pwani".

Kuna jamaa mmoja wa Shella (Shella ya Malindi, si ya Lamu, tusianze) aliuza simu yake nzuri akabaki na kabambe, ili anunue gari ya nitro ya mkono wa pili kutoka Nairobi. Ilikuja imefungwa vizuri, na ujumbe wa muuzaji: "Iko fiti buda, nimeituni mwenyewe, usiguse hizo sindano, we washa tu." Usiguse! Akatii, maskini, kwa sababu ndiye mgeni na yule ndiye mjuzi. Siku mbili za raha kwenye uwanja wa vumbi, ya tatu kamba ikawa laini. Akampigia muuzaji. Muuzaji akamwambia nini? "Ah, si ni hilo joto lenu." Na jamaa akakubali! Yule muuzaji simtaji jina hapa, lakini anajijua, na bado anauza.

Hiyo ndiyo inanichoma. Injini ni chuma, itanunuliwa nyingine. Lakini mtu ameuziwa kitu bila maelezo, kimeharibika kwa sababu ya kukosa maelezo, halafu anarudishiwa lawama, na si yeye peke yake, pwani nzima. Nanyi mnaipokea, mnairudia kwa komenti kama vile ni sayansi. Huku tunaambiwa simu zinaharibika kwa joto, gari zinaharibika kwa joto, watu wanachelewa kwa joto, wanafunzi wanafeli kwa joto. Sasa na sindano ya kabureta imekazwa na joto?

Muuzaji mwenye adabu anasema sentensi moja tu: "Hii nimeiseti Nairobi, ukifika Malindi legeza kabla hujawasha." Haimgharimu hata bando.

Kuna kundi la pili la kuwatazama, nalo ni wajuaji wa hapa hapa. Mtu ana pikipiki miaka mitano, anakuja kukushauri nitro. "Hiyo kaza hewa kidogo." Hewa gani? Kwenye Boxer au TVS, ile skrubu ndogo wanayoichezea inagusa mwendo wa chini tu. Mwendo mkubwa unatawaliwa na jeti, ambayo watu wengi hawajawahi hata kuitoa. Ndiyo maana boda inaweza kuendeshwa kutoka Nairobi mpaka Mtwapa na isife. Ina jeti ya kiwandani ambayo mwenye boda wa Nairobi hakuigusa, na ina oili yake. Nitro haina bahati hiyo, kwa sababu kila aliyeimiliki amepitisha bisibisi yake humo.

Na wenye Probox ndio kabisa wasiongee. Gari yenye injini ya kompyuta ina sensa inayosoma hewa na kurekebisha mafuta yenyewe, kilomita kwa kilomita, kutoka Nairobi mpaka kivuko cha Likoni, na dereva anasikiliza taarabu. Ndiyo maana kizazi chetu hakijui kwamba mlima ni jambo la kufikiria. Wazee waliokimbiza magari ya kabureta kwenye Safari Rally zamani, iliyoanza 1953, walilijua. Marubani wanalijua mpaka leo. Ndege ikiwa na mzigo ule ule inahitaji kukimbia mbali zaidi kupaa Nairobi kuliko Mombasa, na uwanja wa Jomo Kenyatta, ulio mita 1,624 juu, una barabara ya kurukia yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4. Hakuna rubani anayesema "ah, ni baridi la Embakasi hilo".

Basi tuongee adui wa kweli wa Pwani, maana wapo, na si joto.

Wa kwanza ni unyevu kwenye mafuta. Methanoli inakunywa maji kutoka hewani. Ukiacha chupa wazi pale Kilifi usiku mmoja, kesho una mafuta yaliyotiwa maji na unashangaa mbona seti ya jana leo haishiki, gari inazima zima, kila ukigusa sindano inabadilika. Unaanza kufukuzana na kabureta ilhali shida iko kwenye kifuniko. Funga chupa kabisa, kila mara, na usinunue galoni kubwa kama unakimbiza mara moja kwa mwezi. Na ukimaliza siku, choma mafuta yote yaishe kwenye tangi, kisha tia matone ya oili ndani ya injini na uizungushe, la sivyo beringi zinakula kutu. Wa pili ni chumvi. Gari ikitoka ufuoni, ifute siku hiyo hiyo, usingoje wikendi.

Wa tatu mnampenda sana kwa sababu ya video: mchanga. Najua gari ikirusha mchanga Mambrui jua likizama inaonekana kama filamu. Lakini ule mchanga laini ukipita kwenye filta unafanya kazi ya msasa ndani ya mrija. Filta ipakwe oili yake na ikae sawasawa, na kama mpira wa filta una ufa hata mdogo, usiwashe. 

Halafu kuna misimu, na hapa sisi tuna bahati kuliko watu wa bara, kwa sababu hii hewa tumeshaipa majina. Mvuvi hasemi "hali ya hewa", anasema kaskazi au kusi na wote mnaelewa. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi hivi, hewa ni ya moto. Kusi ikiingia inapoa, hasa asubuhi za Juni na Julai, na injini inataka mafuta kidogo zaidi. Lakini hayo ni marekebisho ya kubembeleza, saa moja tu, mbili ukizidi. Usiyachanganye na yale ya kushuka kutoka Nairobi.

Ndiyo, saa. Huo ndio ushauri bora kwenye hobi hii. Ukitazama skrubu ya sindano ichukulie kama uso wa saa ya ukutani. Kutoka saa kumi na mbili mpaka saa moja ni sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko. Unageuza hivyo, saa moja, unakimbiza, unasikiliza, unageuza tena. Wanaogeuza robo robo wakiwa na haraka ndio wanaonunua pistoni.

Na tafadhali msiniulize "kaka, sindano yako iko mizunguko mingapi?" Hilo swali halina maana. Hata injini mbili za kampuni moja hazilingani, na aliyekutajia "miwili na nusu" kwenye video yuko Texas au Ufilipino, na mafuta yake si yako, na plagi yake si yako, na hewa yake ndiyo kabisa. Namba za mtu mwingine ni kama viatu vya mtu mwingine. Hata namba za kitabu cha kiwandani ni za kuanzia tu, ndiyo maana huwa zimewekwa mafuta mengi makusudi.

Mimi gari ikishuka kutoka bara nafanya hivi. Kabla ya kuwasha, nalegeza sindano ya mwendo mkubwa nusu mzunguko mzima, na ya mwendo mdogo saa moja au mbili. Itawaka kwa shida, itatoa moshi, itakuwa zito kama imekula biriani. Sawa, iache hivyo. Injini yenye mafuta mengi inakasirisha, haifi. Naipasha moto kwanza kwa mwendo wa polepole, tangi nzima kama ni ya kigeni kwangu. Halafu naanza kukaza sindano ya mwendo mkubwa saa moja moja, kila mara naikimbiza moja kwa moja mara tatu nne. Naangalia moshi: lazima mstari wa moshi wa buluu uonekane hata triga ikiwa imevutwa mpaka mwisho. Ikianza kuvuta kwa usafi na moshi bado upo, naacha. Sitafuti ile sauti tamu ya mwisho. Ile sauti ni ya video.

Kwa mwendo mdogo, injini ikiwa inanguruma taratibu nabana mrija wa mafuta kwa vidole. Ikipandisha sauti kidogo halafu ikazima baada ya sekunde mbili tatu, niko sawa. Ikizima papo hapo, haina mafuta ya kutosha. Ikichukua muda mrefu, yamezidi. Na joto napima kwa tone la maji juu ya kichwa cha injini: lichemke taratibu na kukauka baada ya sekunde tatu mpaka tano. Likiruka "tss" na kupotea, zima, legeza. Wale wa kile kipimajoto cha kuelekeza kama bastola, kitumieni, ni kizuri, lakini msisetie namba. Kuna mtu anakaza sindano ati afike nyuzi 110 kwa sababu aliyoiona kwenye video ilikuwa 110. Joto ni matokeo, ndugu yangu. Unaseti kwa moshi na mvuto wa gari, kipimajoto kinakuja kukuhakikishia tu.

Jambo la usalama niliseme kwa sababu wadogo wananisoma. Methanoli ni sumu, ni ile ile iliyoingia kwenye pombe na kuua watu Embu na kwingineko mwaka 2014. Usinyonye mrija wa mafuta kwa mdomo. Usiiweke kwenye chupa ya soda nyumbani. Na ikishika moto mchana, mwali wake hauonekani vizuri, utashtukia tu mkono unaungua.

Sasa upande wa pili, maana haki ni haki. Wapwani mnaopanda na gari zenu Nairobi mkienda chuo, nanyi mna hadithi yenu: "Mafuta ya Nairobi ni feki, gari yangu huku haina nguvu." Si feki. Umepanda na seti ya bahari, mafuta yamezidi hewa, gari inagugumia. Kaza, saa moja moja, itachangamka. Haitarudi kuwa ile ya Malindi hata ukiseti kama malaika, kwa sababu hewa yenyewe imepungua. Ndiyo maana baadhi ya watu wa juu wanaweka plagi ya moto zaidi, au mafuta yenye nitro nyingi zaidi, au wanatoa wosha moja nyembamba chini ya kichwa cha injini ili kupandisha kompresheni.

Hiyo wosha muiandike mahali. Gari iliyotolewa wosha Nairobi ikishushwa Kilifi inakutana na hewa nzito na kompresheni ya juu pamoja, mafuta yanawaka kabla ya wakati wake, plagi zinakatika kila siku, na ukilegeza sindano peke yake haitoshi. Unatakiwa kuirudisha ile wosha. Sasa utajuaje kama ilitolewa, ikiwa uliambiwa "usiguse, washa tu"?

Kilomita chache kaskazini ya hapa, pale Ngomeni, Waitaliano walisimamisha jukwaa baharini na kurusha roketi kuanzia 1967 mpaka 1988. Setilaiti ya Uhuru ilipaa kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970. Hawakuja kwa sababu ya madafu. Walikuja kwa sababu karibu na ikweta dunia inazunguka kwa kasi kubwa zaidi, kama kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inapata msukumo wa bure. Walisafirisha roketi nzima mpaka huku kwa kuwa mahali ni sehemu ya hesabu. Sisi tumezaliwa hapo hapo, na tunashindwa kuuliza gari ya mtoto ilisetiwa wapi.

Kwa hiyo, wauzaji wa mkono wa pili, kuanzia leo kwenye tangazo lenu tunataka kuona: imesetiwa mji gani, mafuta ya nitro asilimia ngapi, plagi gani, wosha ngapi. Mkiulizwa mkajibu "we washa tu", tutajua ni nini mnachouza. Na nyinyi wanunuzi wa Mtwapa, Kilifi, Watamu, Malindi, msitume pesa kabla hamjapata majibu hayo manne kwa maandishi.

Komenti ziko wazi, matusi pia nayasoma. Ila ukiandika "joto", andika na gari yako ilisetiwa wapi mara ya mwisho, na ulilegeza saa ngapi kabla ya kuiwasha.